Safu za makundi, safu za namba: tuliyojifunza tukitabiri kichocho kando ya ziwa

Swali lilikuja limenyooka. Katika vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, Tanzania, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwani Kome na Ukerewe, tunaweza kumtambua kwa dodoso mtu aliye katika hatari ya kuwa na kichocho kikali cha tumbo? Mkononi kulikuwa na jinsia, kazi, chanzo cha maji, aina ya choo na kijiji, ambazo ni safu za makundi. Kulikuwa pia na umri, umbali wa nyumba kutoka ziwani na kiwango cha himoglobini, ambazo ni safu za namba. Jibu la kutabiriwa lilikuwa daraja la maambukizi: hakuna, hafifu, ya wastani, makali.

Kila aliyeombwa ushauri alitaja mbinu anayoipenda. Mmoja alisema msitu nasibu, mwingine rigresheni ya lojistiki, wa tatu mitandao ya neva. Hakuna aliyeuliza hizo safu zimeandikwaje wala modeli itatumiwa na nani, na nusu ya kazi ilikuwa imelala humo. Haya ndiyo tungependa tuambiwe mapema. Namba za mifano zilizomo ni za kupigia hesabu tu, si matokeo ya utafiti.

Kwanza, faili

Dodoso nyingi huandika makundi kwa namba: 1 mvuvi wa dagaa, 2 mvuvi wa sangara, 3 mchuuzi wa samaki, 4 mkulima wa mpunga, 5 mwanafunzi, 6 mama lishe, 7 fundi mitumbwi. Programu ikisoma faili hilo bila kuambiwa, inaona namba na kuzichukua kama namba. Kwake mama lishe ni mara tatu ya mvuvi wa sangara. Modeli inakubali, haitoi onyo lolote, na matokeo yanatoka yakiwa nadhifu kabisa. Dalili ya kuligundua ni hii: kazi yenye makundi saba inatakiwa iwe na migawo sita, yaani namba za uzito, kwenye jedwali la rigresheni (modeli inayojumlisha mchango wa kila safu), kila mmoja ukilinganishwa na kundi la msingi. Ukiona kazi ina mgawo mmoja tu, simama hapo hapo urudi kwenye faili.

Chora pia histogramu ya umri kabla ya kitu kingine chochote. Mara nyingi utakuta mnara mdogo kwenye 99. Hao si wazee wa Ukerewe. Ni watu ambao umri wao haukujulikana na karani akajaza 99 kama alivyoelekezwa. Wachache tu wanatosha kupinda mstari wa umri, kwa sababu wamekaa pembeni kabisa na pembeni ndiko namba moja inavuta kwa nguvu.

Safu ya choo ina shida yake. Neno "hakuna" linaandikwa kwa nyumba isiyo na choo, na karani mwingine analiandika hilo hilo pale ambapo hakupata jibu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyatenganisha baadaye kunawezekana tu kama dodoso za karatasi bado zipo. Kwenye vijiji, "Kayenze", "kayenze" na "Kayenze" yenye nafasi tupu mwishoni ni makundi matatu machoni pa kompyuta. Fanya orodha ya kila kundi na idadi yake, uisome kwa macho. Kusafisha huku kulikula muda mwingi kuliko modeli zote kwa pamoja, kwa hiyo anayepanga bajeti asiweke wiki moja ya "maandalizi" na miezi ya "uchambuzi". Ageuze.

Yai moja linabadilisha daraja

Kabla ya kuchagua mbinu, angalia jibu lenyewe limepatikanaje. Kichocho cha tumbo husababishwa na Schistosoma mansoni, na kipimo cha kawaida ni Kato-Katz. Kinyesi kinachujwa, kinajazwa kwenye tundu la kiolezo linalobeba miligramu 41.7, kinafunikwa kwa selofani iliyoloweshwa gliserini, kisha mayai yanahesabiwa kwa hadubini. Idadi inazidishwa kwa 24 ili kupata mayai kwa gramu. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, 1 hadi 99 ni maambukizi hafifu, 100 hadi 399 ni ya wastani, na 400 kwenda juu ni makali.

Sasa piga hesabu. Mtu mwenye mayai manne kwenye slaidi moja ana 96 kwa gramu, yaani hafifu. Mwenye matano ana 120, yaani wastani. Yai moja tu, na mtu kahama daraja. Kwa slaidi moja, chini ya 24 hakuna kinachoonekana zaidi ya sifuri, na idadi ya mayai hubadilika siku hadi siku kwa mtu yule yule. Ndiyo maana inashauriwa kusoma slaidi mbili au zaidi, ikiwezekana za siku tofauti, na kuchukua wastani.

Kwa mchambuzi maana yake ni kwamba mipaka ya madaraja ina ukungu, na hakuna mbinu itakayotabiri vizuri kuliko jibu lilivyopimwa. Jambo la pili ni kwamba jibu hili lilizaliwa likiwa hesabu, ndipo likakatwa vipande. Kama hesabu ya mayai bado ipo kwenye daftari la maabara, iingize. Ni afadhali kuitabiri hesabu yenyewe kwa modeli ya hesabu, kama ile ya binomia hasi inayovumilia mtawanyiko mkubwa, kisha ukate madaraja mwishoni. Onyo hilo linahusu upande wa pili pia: usikate umri kuwa "chini ya 15" na "15 na zaidi" ili tu safu zote zifanane. Unatupa habari, na unamfanya kijana wa miaka 14 na wa 15 waonekane watu wa dunia mbili.

Mbinu za zamani na zinapokwama

Mstari wa utenganisho wa Fisher, wa mwaka 1936, huchukulia kwamba ndani ya kila daraja vigeu vyote vinafuata mgawanyo wa kawaida, ule wa umbo la kengele, na kwamba madaraja yote yana kovariansi moja, yaani namna moja ya vigeu kubadilika pamoja. Safu ya sifuri na moja haiwezi kuwa kengele. Hata hivyo tusiidharau: ikiwa safu za makundi ni chache na hazina mwingiliano mkubwa, mbinu hii hutenganisha vizuri kiasi. Kinachoharibika zaidi ni uwezekano inaoutaja, usiuamini moja kwa moja.

Ipo mbinu iliyotengenezwa hasa kwa takwimu mchanganyiko, modeli ya mahali. Olkin na Tate waliiweka misingi yake mwaka 1961, na Krzanowski akaigeuza kuwa ya kutenganisha makundi mwaka 1975. Wazo ni zuri: kila mchanganyiko wa makundi unakuwa chumba, na ndani ya kila chumba safu za namba zina wastani wake. Tatizo ni idadi ya vyumba. Jinsia 2, kazi 7, vyanzo vya maji 4, aina za choo 3: zidisha, upate vyumba 168. Zidisha tena kwa madaraja manne ya maambukizi, 672. Ukiwa na watu 600, hata mtu mmoja kwa chumba hupati. Iache kwa takwimu zenye safu mbili tatu za ndiyo na hapana.

Wengine hukimbilia majirani wa karibu, yaani kumtabiri mtu kwa wanaofanana naye, kwa kipimo cha ufanano cha Gower cha mwaka 1971, kwa sababu kinachanganya aina zote bila kulalamika. Kwa safu ya namba, ufanano ni moja kutoa tofauti ya wawili hao ukigawa kwa masafa ya safu nzima. Kwa safu ya kundi, ni moja wakilingana na sifuri wasipolingana. Mfano: watu wawili wa miaka 14 na 19, masafa ya umri 75, wanapata 0.933. Umbali kilomita 0.2 na 1.2, masafa 5, wanapata 0.8. Kazi ni ile ile, 1. Chanzo cha maji tofauti, 0. Wastani ni 0.683.

Tazama kilichotokea. Safu za namba hutoa alama zilizo karibu na moja kwa watu wengi, huku za makundi zikiruka kutoka sifuri hadi moja, kwa hiyo makundi ndiyo yanaamua nani ni jirani. Ongeza sasa nyumba moja iliyoandikwa kilomita 40 kwa makosa ya GPS: masafa yanakuwa karibu 40, na tofauti ya kilomita moja inageuka 0.975. Umbali wa ziwa, jambo ambalo kila mtu wa mwaloni anajua lina uzito, umefutwa na namba moja. Ukiitumia Gower, punguza ncha za safu za namba kwanza, au tumia nafasi za watu kwenye mpangilio badala ya thamani zenyewe, na weka uzito kwa kila safu ukijua kwa nini.

Bayesi sahili, inayochukulia kila safu kama ushahidi wa peke yake, ni nyepesi na inapokea aina zote mbili: kengele kwa namba, hesabu za kawaida kwa makundi, na nyongeza ya moja kwenye kila kundi ili sifuri moja isiue uwezekano wote. Inafaa kwa kulinganishia. Himoglobini, umri na kazi vinapokwenda pamoja, inahesabu ushahidi ule ule mara tatu na kujiamini kupita kiasi.

Tulipotulia

Kwa takwimu za ukubwa huu, rigresheni ya lojistiki ndiyo tunayoishauri iwe ya kwanza, na kila mbinu nyingine ithibitishe kwamba inaishinda. Haidai kengele kwenye safu za kuingiza, inapokea makundi kwa safu za sifuri na moja, na inatoa uwezekano unaoweza kukaguliwa. Lakini hesabu migawo kabla hujaiwasha. Kazi inakula 6, maji 3, choo 2, jinsia 1, umri uliopindwa kwa splaini (mstari unaopinda kwenye vifundo) ya vifundo vinne 3, umbali 1, himoglobini 1. Jumla 17. Ukiyachukulia madaraja manne ya maambukizi kama makundi yasiyo na mpangilio, unahitaji seti tatu: migawo 51 na vianzio 3 (namba za kuanzia, moja kwa kila seti), jumla 54. Ukiheshimu mpangilio wake kwa modeli ya uwiano sawia, ambayo McCullagh aliieleza mwaka 1980, unabaki na 17 na vianzio 3, yaani 20.

Kanuni ya mkononi husema watu kumi wa daraja adimu kwa kila mgawo. Si sheria ya Musa, lakini wenye maambukizi makali wakiwa 40, migawo 54 ni ndoto. Modeli ya uwiano sawia nayo ina sharti: kila kigeu kisukume mpaka wa kila daraja kwa kiasi kilekile. Likague kwa kuendesha lojistiki tatu za ndiyo na hapana, za zaidi ya sifuri, 100 na kuendelea, 400 na kuendelea, kisha uweke migawo yao sambamba. Kigeu kinachobadili ishara kutoka mpaka mmoja hadi mwingine hakifai kulazimishwa.

Umri usiuache uwe mstari ulionyooka. Maambukizi ya kichocho kwa kawaida hupanda utotoni, hufika kilele kwa watoto wakubwa na vijana, kisha hushuka. Mstari mnyoofu ukipita juu ya kilima hicho unaweza kutoa mgawo ulio karibu na sifuri, na mtu akaandika kwenye ripoti kwamba umri hauna uhusiano. Umbali nao umejikunja upande mmoja, nyumba nyingi karibu na chache mbali sana, kwa hiyo uchukue kwa logi.

Kisha kuna mtego wa kundi dogo. Tuseme mafundi mitumbwi ni sita na wote wameambukizwa. Mgawo wao hauna mwisho, unapanda kila mzunguko mpaka programu ichoke. Utauona kwenye jedwali: mgawo wa 18 hivi, kosa sanifu la maelfu, na onyo kwamba uwezekano umefika sifuri au moja. Watu wengi hufuta kundi hilo, na kwa kulifuta wanatupa watu wanaoshinda miguu ndani ya maji. Afadhali uliunganishe na kundi lenye mazoea yale yale ya maji (fundi mitumbwi na mvuvi, si fundi mitumbwi na fundi cherehani), au utumie adhabu ya Firth ya mwaka 1993, inayozuia mgawo usikimbie. Ukitumia adhabu ya aina nyingine ya kuzuia migawo isikue mno, weka safu za namba kwenye kipimo kimoja kwanza, la sivyo adhabu itaumiza kilomita na kuacha miaka.

Miti na misitu

Miti ya maamuzi, yaani modeli zinazogawa watu kwa swali moja baada ya jingine, husifiwa kwamba inakula kila kitu, namba na makundi. Ni kweli, lakini ina upendeleo. Safu ya ndiyo na hapana ina njia moja tu ya kugawanywa. Umri wenye thamani 60 tofauti una 59. Kijiji chenye makundi 12 kina njia 2,047. Ukimpa mtu tiketi 2,047 za bahati nasibu na mwenzake moja, usishangae nani anashinda. Ndiyo maana kijiji hupanda kileleni mwa orodha ya umuhimu hata pale ambapo hakisaidii kitu kwenye watu wapya. Miti ya masharti ya Hothorn na wenzake, ya mwaka 2006, ilitengenezwa kuondoa upendeleo huo kwa kupima kwanza kama safu ina uhusiano, ndipo itafute pa kukata. Ukibaki na msitu nasibu wa Breiman wa 2001, ambao ni miti mingi inayopiga kura pamoja, pima umuhimu kwa kuvuruga safu moja moja kwenye watu ambao msitu haukuwaona.

Programu nazo zina tabia zake. Kifurushi cha randomForest cha R, lugha ya takwimu, kinagoma kundi likizidi madaraja 53. Misitu ya scikit-learn, maktaba ya Python, haipokei maneno, inataka ugeuze makundi kuwa namba, na hapo wengi wanarudi kwenye kosa la 1 mvuvi, 2 mchuuzi. CatBoost, programu nyingine ya miti, hugeuza kundi kuwa wastani wa majibu yake kwa mpangilio maalumu ili mtu asitabiriwe kwa jibu lake mwenyewe. Ukijitengenezea wastani huo kwa mkono, kijiji chenye mtu mmoja kinabeba jibu la mtu huyo waziwazi, na modeli itakuwa inanakili mtihani.

Kupima bila kujidanganya

Ukigawa watu ovyo kwa mafungu kumi, ndugu wawili wa nyumba moja wanaooga sehemu moja watatengana, mmoja kwenye mafunzo na mwingine kwenye mtihani. Modeli haijajifunza kichocho, imejifunza nyumba. Gawa kwa kijiji: Kayenze yote nje, kisha Igombe yote nje, na kadhalika. Kama modeli itapelekwa Kome, basi Kome isionekane kabisa wakati wa mafunzo. Na kijiji chenyewe kama safu hakina maana kwa mahali papya, kwa sababu hakina mgawo. Weka badala yake kinachokifanya kijiji kiwe kilivyo: umbali wa maji, majaruba ya mpunga, kisima kipo au hakipo.

Kila maandalizi yafanyike ndani ya fungu la mafunzo: kujaza mapengo, kuunganisha makundi madogo, kuchagua safu. Alama zitashuka ukilinganisha na mgawanyo wa ovyo. Inauma, hasa kama zile za juu zimeshatumwa kwa mkubwa wa mradi. Hifadhi matokeo ya kila fungu linapokwisha na uandike mbegu ya namba nasibu, maana umeme wa usiku hauna miadi.

Usipime kwa asilimia ya majibu sahihi. Wenye maambukizi makali wakiwa 60 kati ya 600, modeli inayosema "hana" kwa kila mtu inapata asilimia 90. Tumia alama ya Brier (wastani wa mraba wa tofauti kati ya uwezekano uliotabiriwa na kilichotokea), na uchore uwezekano uliotabiriwa dhidi ya uliotokea: kati ya waliopewa 0.3, je, takriban watatu katika kumi walikuwa nao?

Mpaka wa kuamua nao si lazima uwe 0.5. Dawa ni prazikuanteli, kipimo cha kawaida miligramu 40 kwa kilo. Mtoto wa kilo 30 anahitaji miligramu 1,200, vidonge viwili vya 600. Kama wahudumu wa afya wanaona kumkosa mgonjwa ni kubaya mara tisa kuliko kumwita asiyeumwa aje kupimwa, mpaka ni 1 kugawa kwa 10, yaani 0.1. Swali hilo waulizwe wao, si kompyuta. Na pale ambapo kijiji kizima kinapewa dawa kwa pamoja, modeli ya mtu mmoja mmoja haina kazi. Pesa hiyo inunulie slaidi.

Kwa zahanati isiyo na kompyuta, migawo ya lojistiki inaweza kuzungushwa kuwa pointi za karatasi ambazo mhudumu anazijumlisha mwenyewe. Msitu wa miti 500 hauchapiki. Kwetu tofauti ndogo ya alama haikutosha kuuhalalisha.

Mwisho, hifadhi orodha ya makundi pamoja na modeli. Ufugaji wa samaki kwenye vizimba umeongezeka ziwani, na siku moja dodoso litaleta kazi ambayo haikuwamo wakati wa mafunzo. Programu nyingine zitakataa mstari huo, nyingine zitamweka kimyakimya kwenye kundi la msingi, kana kwamba mfugaji wa vizimba ni mvuvi wa dagaa. Amua mapema: kundi la "nyingine" liwepo tangu siku ya kufundisha, liwe na watu ndani yake, na kila jina jipya liandikwe pembeni ili likifika idadi ya kutosha modeli ifundishwe upya.